Wa Kwanza Kushika Jembe

Nyakach, karibu na Pap Onditi
27 Februari 2025

Mama Valarie,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Byron ambaye tangu apande darasa anajiona mwanamume kamili, hadi mbwa wa marehemu mama mkwe, ambaye bado analala mbele ya mlango wako kama askari asiyelipwa. Baba Byron yuko Narok kwenye mashamba ya ngano ya wenyewe, anaendesha trekta. Anasema atapata ruhusa mara moja tu, wakati wa kupanda. Sheryl sasa anatembea. Ni mwembamba kidogo, lakini mwezi wa pili nani si mwembamba? Moshi unafuka jikoni, hatumdai Mungu kitu.

Usishangae kupata karatasi badala ya kusikia sauti. Simu yangu imeharibika. Na hata ilipokuwa nzima ulikuwa unaikata. Kwa hiyo barua hii nimempa Agneta, yule muuza njugu anayepeleka mzigo soko la Kibuye hapo Kisumu kila Jumapili, akuwekee mkononi hapo kwenye kibanda chako cha mitumba. Barua haikatiki, mama. Tena nakujua, wewe kitu ukishaanza kukisoma huwezi kukiacha katikati.

Sasa neno lenyewe. Mawingu yameanza kukaa juu ya vilima vya Nyabondo. Majirani wote wameshalima na wanangoja tone la kwanza tu. Kwetu jembe limelala, na unajua sababu. Mwaka jana mama mkwe alikuwepo, akatutangulia shambani, sisi tukafuata nyuma yake bila kufikiri. Mwaka huu hayupo, na baba mkwe alimtangulia zamani. Mkubwa wa boma hili sasa ni Absalom wako. Mzee Oketch, baba mdogo wa waume zetu, ametamka mbele ya watu kwamba hakuna mbegu itakayoingia udongoni mpaka wewe na Absalom mje mlale nyumbani kwenu usiku mmoja, na asubuhi wewe uwe wa kwanza kushika jembe. Ukishatia mbegu zako, ndipo mimi ninayefuata nitie zangu.

Usiku mmoja tu. Mnakuja Jumamosi, mnarudi Jumapili. Najua ulipoletwa hapa kutoka Kakamega ulisema mila zetu ni nyingi kuliko vyombo ulivyopewa jikoni, tukacheka mpaka mama mkwe akatuuliza tunamcheka nani. Basi hii moja njoo uimalize, tupumue.

Nisalimie Baba Valarie na Valarie mwenyewe.

Ni mimi nyieka wako, maana ndivyo wanavyotuita sisi tulioolewa na ndugu wawili,
Adero


Kisumu, Manyatta
9 Machi 2025

Mpendwa Mama Byron,

Barua yako nimeipata, na Agneta nimempa soda maana alifika akiwa amelowa jasho. Sisi hatujambo. Valarie yuko kidato cha nne sasa, anasoma mpaka macho yanakuwa mekundu, nami sitaki hata kumtuma dukani. Baba Valarie anakusalimu sana. Unajua kazi yake ya injini za maboti pale Dunga, msimu huu hapumui. Mara injini hii imekufa katikati ya maji, mara ile imeingiza mchanga. Anarudi akinuka mafuta, anakula, analala.

Kuhusu kupanda, usiwe na wasiwasi. Nimelisikia. Wiki hizi mbili haziwezekani kwa sababu kanisani kwetu tuna mkutano wa akina mama na mimi ndiye mweka hazina, siwezi kuondoka watu wakaanza kusema. Lakini mwisho wa mwezi tutafika. Mwambie Mzee Oketch hivyo, kwa heshima zote.

Nimemtumia Sheryl gauni. Nilipofungua robota la nguo nililiona tu nikasema hili ni lake. Ni la umri wa miaka mitatu, najua hajafika, lakini watoto wa siku hizi wanakua kama mabua. Na umpe mayai. Mtoto mwembamba dawa yake ni yai moja kila siku, wala si jambo kubwa.

Wako,
Celestine


Nyakach
22 Machi 2025

Mama Valarie,

Habari za mkutano wa akina mama? Natumaini hazina iko salama.

Gauni limefika na ni zuri sana. Limekuwa kubwa kidogo, linambidi alishike kwa mkono mmoja akitembea. Nimelikunja nikaliweka. Byron amekuwa wa tatu darasani na anataka umjue. Ushauri wa mayai nimeusikia, nitawaambia kuku.

Mvua imenyesha, mama. Ilianza juzi mchana, ikapiga mpaka njia ya kwenda mtoni ikawa mto. Asubuhi yake nilisimama mlangoni nikasikia majembe ya jirani pande zote. Unajua ule mlio wa jembe kwenye udongo uliolowa? Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kuuchukia. Kwetu kimya, kama nyumba yenye maiti. Byron akaniuliza, "Mama, sisi tumekosa nini?" Nikamwambia tunamngoja mama yake Valarie. Akauliza kama umepotea njia.

Baba Byron alikuja kwa ile ruhusa yake. Alikaa siku mbili akiliangalia shamba, mikono mfukoni, kisha akapanda gari akarudi kulimia watu ngano. Nilimwambia tupande. Akaniambia nisimletee laana ya kumruka kaka yake. Mtu mzima, ana ndevu.

Sasa kuna neno ambalo sikutaka kuliandika lakini nitaliandika. Mzee Oketch alimpigia Absalom simu mbele ya watu, akaiweka kwa sauti ili tusikie sote. Akamuuliza, "Sasa wewe unakuja lini kufungulia hawa watu shamba?" Absalom akasema, "Mimi niko tayari siku yoyote, Baba. Muulizeni mwenyewe huyo mama." Kisha akakata. Basi hapa kijijini wamekwisha kuamua kwamba mwenye kukataa ni wewe. Nisingekuficha wanavyosema. Wanasema mwanamke wa Kakamega aliposhika ufunguo wa boma ameamua kulifunga.

Mimi nimekutetea. Lakini nipe kitu cha kukutetea nacho, maana maneno matupu yameniishia. Ni nini hasa? Kama mmegombana, wanandoa wote wanagombana, njooni mlale mkiwa mmepeana migongo. Nani atachungulia?

Sheryl anakohoa kidogo, si neno. Moshi unafuka.

Adero


Kisumu
6 Aprili 2025

Mama Byron,

Nisamehe kuchelewa. Agneta alipita Jumapili mbili nikamwambia sina cha kutuma.

Wanasema, wanasema. Nimekaa katika ukoo huo miaka kumi na minane, nami najua wanavyosema kabla hawajafungua kinywa. Siku ya harusi yangu shangazi mmoja alimwambia baba yangu, mzee Wakhisi, uso kwa uso, kwamba mwanamke wa Kiluhya hatakaa, atavunja nyumba. Nimekaa. Nimemzika baba mkwe, nimemwosha mama mkwe kwa mikono hii alipokuwa hawezi kugeuka kitandani, na hao wanaosema walikuwa wamekaa nje wakingoja chai. Usiniletee tena wanavyosema.

Kuna mambo ya nyumba ya mtu ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya kubebwa na muuza njugu. Nipe muda tu. Pasaka tutakuja sisi wote wawili, nimesema, na mimi nikisema nimesema.

Na kama wewe una haraka sana, panda. Kwani udongo unajua nani ni mkubwa? Mimi sitakushtaki kwa mtu. Biblia yangu haina mahali inaposema mahindi yanaota kwa zamu.

Valarie anawasalimu. Baba Valarie pia.

Celestine


Nyakach
26 Aprili 2025

Mama Valarie,

Pasaka imepita. Natumaini ilikuwa njema huko.

Huku tuliifagia nyumba yako. Nilikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe nikapiga sakafu mwenyewe, nikatandika kitanda, nikaazima jogoo kwa jirani ili asiseme mtu kwamba mmefika hamkupokewa. Mzee Oketch alivaa koti na akaketi chini ya paa la ghala tangu asubuhi, fimbo katikati ya magoti. Kila gari likipita barabarani alikuwa anainua kichwa. Jua lilipoanza kushuka alisimama, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewameza njiani, akaenda zake. Jogoo nikamrudisha kwa mwenyewe akiwa hai. Watoto walimsindikiza mpaka kwenye ua.

Uliniambia nipande. Kumbe nilikuwa nimekwisha kupanda, mama, kabla hata barua yako haijafika. Si mahindi, nisingethubutu. Nilitia kunde mistari michache nyuma ya jikoni, mahali pasipoonekana na mpita njia, nikajiambia kunde ni mboga, mboga haina ukubwa wala udogo. Zikatoka vizuri. Nilikuwa naenda kuziangalia kama mtu mwenye mpenzi.

Kisha Sheryl akaanza kuvimba miguu. Mwanzoni watu walinisifu, wakasema, "Mama Byron, huyu mtoto sasa amejaa!" Nikafurahi. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyofurahi, najichukia. Halafu nywele zikaanza kugeuka rangi na kung'oka kwenye kitana, na mtoto hataki kucheza, hataki hata kulia vizuri, anakaa tu mahali ulipomweka. Mzee Oketch akaja kumtazama. Akauliza, "Ni nani alitia mbegu kwa hii boma?" Nikamfunga Sheryl mgongoni. Akazunguka nyuma ya jikoni.

Akasema ni chira, ule ugonjwa unaomkausha mtoto wa mtu aliyeruka mila. Waliitwa vijana wakazing'oa kunde zote, mimi nikiwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni. Majani mabichi kabisa, mama. Wakayatupa kwa mbuzi. Tangu siku hiyo anapewa manyasi, yale maji ya mizizi machungu, asubuhi na jioni, nami nimekatazwa kwenda zahanati mpaka dawa ya nyumbani imalize kazi yake.

Usinicheke. Mimi nilimaliza darasa la nane, nilifundishwa vyakula vya kujenga mwili na nikapata alama nzuri. Lakini mtoto wako akivimba miguu mbele ya macho yako, darasa la nane linakimbia, unabaki na kile alichokuambia bibi yako. Je, kama ni kweli? Kama ni zile kunde?

Wewe ulisema panda, udongo haujui. Ni rahisi kumwambia mtu avuke mto wewe ukiwa ng'ambo umevaa viatu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mama Valarie. Nakuuliza mara ya mwisho: kuna nini katika nyumba yako?

Adero


Kisumu
11 Mei 2025

Mama Byron, dada yangu,

Leo sina salamu za kupanga. Agneta ametoka hapa sasa hivi, atapitia barua hii jioni akirudi huko. Nilimuuliza habari za huko kama kawaida, akaanza kufunga gunia lake, halafu akasema, "Wewe mama, wewe umesoma. Ule mtoto nywele yake imekuwa nyekundu kama ya mzungu. Ngozi inatoka yenyewe. Na hawa watu hawana kitu kwa nyumba. Mimi naingia pale, sufuria iko kwa moto, nafunua nikidhani ni uji, napata ni maji tu inachemka. Maji tu! Nyinyi wawili mnaandikiana nini kwa hizo barua nabeba?"

Nyinyi wawili mnaandikiana nini. Nimekaa juu ya robota la nguo nikashindwa hata kumuuzia mteja.

Kwa nini hukuniambia? Kila barua moshi unafuka, moshi unafuka. Nimezitoa zote nikazisoma upya na hakuna mahali umeandika kwamba watoto wamelala bila kula. Ningeleta unga kwa miguu yangu. Nilikuambia habari za mayai! Ulisoma hayo ukanijibu kwa mzaha. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Na sasa nitasema langu, maana baada ya maneno ya Agneta nikilificha tena mimi si mtu.

Absalom hakai hapa. Aliondoka wiki ile tuliyotoka kumzika mama yake. Ana mwanamke kule Dunga, muuza samaki, na wanakaa nyumba moja kama mume na mke. Salamu zote nilizokuletea kutoka kwake nilizitunga mwenyewe. Kunuka mafuta, kula, kulala, yote nimetunga. Nilikwenda Dunga mara mbili. Mara ya kwanza nilimwomba aje nami nyumbani usiku mmoja tu kwa ajili ya mbegu. Akaniambia yuko tayari, ila nitangulie kupiga magoti mbele ya huyo mwanamke nimwombe radhi kwa kumtukana sokoni. Mara ya pili, kabla ya Pasaka, nilikwenda kupiga magoti. Ndiyo. Nikamkuta mwanamke ni mjamzito, nikageuka nikarudi.

Ningekuja peke yangu kufanya nini? Mke hafungui shamba peke yake. Wangeniuliza mumeo yuko wapi, na yule shangazi angali hai. Ningempa furaha aliyoingoja miaka kumi na minane. Baba yangu naye alishaniambia kwamba binti yake akitoka kwa mume asije kwake. Kwa hiyo niliona nikinyamaza Absalom atachoka na huko, atarudi, tutakuja kupanda, na hakuna atakayejua. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Sikujua kwamba wiki zangu zinaliwa na mtoto wako.

Chukua barua hii umsomee Mzee Oketch yote, mbele ya anayetaka kusikia. Hata shangazi. Kisha mpeleke Sheryl hospitali leo, usingoje ruhusa ya mtu. Agneta anakuja na unga, omena, maharagwe na trei ya mayai. Si chira, Adero. Hukukosea kupanda kunde. Kosa lako ni kwamba ulizipanda chache.

Celestine


Nyakach
29 Juni 2025

Mama Valarie,

Byron hajambo. Baba Byron alikuja na amerudi Narok, hajambo. Mbwa hajambo. Sheryl tulimzika mwanzoni mwa mwezi huu, nyuma ya nyumba yangu, upande ule zilipokuwa kunde.

Nilimkataza Agneta asikuambie. Alilia akasema haiwezekani, nikamwambia akikuambia sitamfungulia mlango tena. Sikutaka uje. Nilikuwa naogopa nikikuona nitakupiga mbele ya wageni, au nitakuangukia shingoni, na sikujua ni lipi kati ya hayo lingekuwa aibu zaidi.

Nikuambie yote kwa mpango wake. Barua yako nilimsomea Mzee Oketch siku ile ile ilipofika. Alikuwa anakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema, "Kumbe ni hiyo tu? Nyumba ya mkubwa ikivunjika, anayefuata anapanda. Hiyo hata haina mkutano. Si mngesema?" Kisha akaomba chumvi. Mimi nilikaa hapo na karatasi yako magotini. Si mngesema. Tangu mwezi wa pili, mama. Neno moja lako, na mahindi yangu yangekuwa yananifika kifuani siku ile nilipokuwa nakusoma.

Tulipanda siku hiyo hiyo, mimi na Byron, tukiwa tunakimbia kama wezi. Lakini mvua ilikuwa imekwisha kuaga. Yamefika gotini, yamekuwa manjano, ndege hawana hata haja nayo.

Kesho yake nilimbeba Sheryl zahanati bila kumuaga mtu. Kuna nesi hapo, anaitwa Sista Rehma, mama mmoja Mwislamu wa Kisumu mjini. Alimfunga mkono kwa ule utepe wa rangi wanaopimia watoto, ukafika kwenye nyekundu, rangi ya hatari, na bado ukawa na nafasi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinipa pakiti za ile siagi ya njugu ya watoto waliodhoofu, akaniambia, "Hii ni dawa, Mama. Ni yake peke yake, asigawiwe mtu." Nikaitikia. Nikafika nyumbani, nikafungua pakiti, na pale mlangoni wamesimama Byron na wajukuu wawili wa Mzee Oketch, wananitazama mkono. Nani alitufundisha kumlisha mtoto mmoja wengine wakitazama? Mama mkwe angefufuka. Niligawa. Kila mtu kijiko, kila siku, mpaka zikaisha kabla ya wakati wake. Sheryl alikuwa anakula polepole kuliko wote.

Unga wako na mayai yako tulikula pia, na asante. Byron amepata shavu. Lakini kwa Sheryl tumbo lilikuwa limesahau kazi. Akaanza kuhara, tukapelekwa hospitali kubwa, wakamtundikia maji. Aliondoka asubuhi, wakati wa uji wa wodini, nikiwa nimesimama kwenye foleni na kikombe chake.

Hospitali waliandika utapiamlo. Mzee Oketch anasema ni chira, kwamba dawa ilikatizwa njiani. Mimi nimekaa nayo siku zote hizi na nasema ni njaa. Nimeliandika, litazame: njaa. Miezi yote ile sikuweza kuliandika hilo neno, kwa sababu mwanamke anayeandika neno hilo ameandika kwamba mumewe si mume na yeye si mama. Simu yangu haikuharibika. Niliiuza, tukala. Maji nilikuwa nayachemsha jioni ili jirani aone moshi, na watoto wasinzie wakidhani kuna kitu kinaiva. Wewe ulificha mume, mimi nikaficha chungu, tukaandikiana salamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ila sisi kilimuumbua asiyeficha kitu.

Hasira zako nimezisoma, ni haki yako. Hasira zangu nazo zipokee. Sijakusamehe. Nikikaa nikifikiri, nakuona umepiga magoti kule Dunga, moyo unalainika. Halafu naona ile miguu yake, moyo unarudi ulipokuwa. Hivyo ndivyo ninavyoishi.

Sasa habari ya mwisho, kabla hujaisikia kwa mwingine. Absalom alikuja mazishini. Alikuja na huyo mwanamke, tumbo mbele, na watu wakamtolea kiti. Mzee Oketch akamwita kando na wazee wengine wawili, nami nikipita na sinia la chai nikasikia kwa masikio yangu. Wamesema kwa kuwa wewe umeikataa nyumba, aliyepo ndiye aliyepo. Wamekubaliana kwamba mvua fupi zikija, Absalom ataleta huyo wa Dunga, walale usiku mmoja, na asubuhi yeye ndiye atakuwa wa kwanza kushika jembe, sisi tufuate. Mila iliyomfunga mtoto wangu tangu Februari waliifungua kabla chai haijapoa. Haikuwa ngumu. Ilikuwa inamngoja mwanamume aitake.

Niliweka sinia chini mbele yao. Nikamwambia Mzee Oketch, na Absalom akisikia, na yule mwanamke akisikia, na Baba Byron akinivuta nguo. Nawe nakuandikia maneno yale yale ili usiseme hukuambiwa. Nimekwisha kuchagua mbegu, na shamba nimeanza kulilima upya. Mvua ikinyesha usiku, mimi asubuhi napanda. Sitauliza nani amelala na nani. Anayetaka kutangulia, aniwahi shambani.

Adero